Baba na glasi za Kisugu

Nimempeleka Baba kuonja bia, sasa sijui niwaandikie nini.

Dada mmoja wa mtaa wa Kisugu anapika bia mwenyewe nyumbani, akanialika nizionje kisha niwaambie nyinyi wasomaji wangu ipi kali.

Akatupangia glasi ndogo ndogo, waonjaji wengine wakiwa meza za pembeni. Ile nyeusi inanukia kahawa. Ya ngano ni laini, ina kaladha ka ndizi. Ile chachu ilinikunja uso, lakini nikaimaliza!

Nageuka kumuuliza Baba, mwanajeshi mstaafu aliyezoea chungu cha malwa, ile pombe yetu ya ulezi ambayo watu huizunguka na kuinywa kwa mirija mirefu.

Amemimina glasi zake zote kwenye jagi moja. Zote!

Halafu akachomoa mrija mrefu kwenye koti. (Alitoka nao nyumbani, banange.)

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, mbona umezichanganya?" dada akauliza.

"Mwanangu, zilikuwa zimekaa kama watu waliogombana. Pombe ni ya kukaa pamoja. Njoo."

Dada akavuta kiti. Akanyonya. Akanyonya tena.

Meza za jirani nazo zikasogea.

Hiyo mnaipa alama ngapi? Semeni nyinyi, mimi bado nangoja zamu yangu ya mrija.