Mlango wa Wenyeji

Nyaguthii alizaliwa Kapchebirir, kijiji cha kale cha Wakipsigis kando ya mto, kwenye mteremko ulio chini ya Sigowet. Wazazi wake, Wakikuyu, walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakajenga kinu cha mahindi kilichozungushwa na maji, na watoto wao wote wakazaliwa hapo. Nyaguthii alijifunza kuogelea chini ya maporomoko. Alipeleka mbuzi kulamba chumvi kwenye mwamba mwekundu pamoja na rafiki yake Chepngetich, na walipogombana waligombana kwa Kikipsigis, maana ndiyo lugha waliyojulia matusi.

Akaolewa hapo hapo. Kisha, baada ya uchaguzi mmoja, zikaja zile fujo za kuwafukuza waliotoka kwingine. Kinu kikachomwa. Mama yake Chepngetich aliwaficha Nyaguthii, mumewe na watoto katika pango lililo nyuma ya maporomoko, akawapelekea ugali na maziwa ya mursik mpaka barabara ikapitika. Wakahamia Chepseon. Nyaguthii akauza mitumba sokoni, akasomesha watoto, akamzika mume. Kila alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Kapchebirir." Waliocheka aliwaacha wacheke.

Mwaka jana akina mama wa kanisa lake wakapanga kwenda kutembea huko, kwa kuwa siku hizi kijiji kinapokea watalii. Walikuta ua wa waya umezungushwa kando ya mto, na milango miwili ya kushukia maporomoko. Mmoja ulikuwa na kibao cha WAGENI, mwingine cha WENYEJI. Wenzake wakapita wa kwanza huku wakipiga picha. Nyaguthii akaenda wa pili.

Mlinzi, kijana aitwaye Kipkurui, akamzuia. "Mama, wageni ni upande ule."

"Najua kusoma, kijana wangu."

"Unaitwa nani?"

"Nyaguthii."

Kipkurui akatabasamu kwa adabu. "Sasa si unaona? Jina si la huku. Ni upande ule."

Nyaguthii hakubishana. Alitandaza leso yake kwenye nyasi, katikati kabisa ya mlango, akaketi na kunyoosha miguu. Wanawake waliotoka mtoni na madumu ya maji wakalazimika kumzunguka. Wenzake wakamwita kwa jina la mwanawe kutoka ng'ambo ya waya: "Mama Gichuki, wacha hiyo maneno! Tutakuwa tunaenda mahali pamoja tu!"

"Tangulieni," akasema.

Akaitwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mzee Jonah. Alipomwona alisimama kidogo, kofia mkononi. Alimfahamu vizuri; utotoni alikuwa akitumwa na mahindi kinuni kwa kina Nyaguthii.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "usituletee aibu mbele ya watu. Pita kule. Ni mlango tu."

"Kama ni mlango tu, Jonah, pita wewe kule, mimi nipite hapa."

Jonah akaangalia mlango wa wageni. Hakusogea.

"Umeona?" Nyaguthii akasema, sasa kwa Kikipsigis, na kwa sauti ya kusikika. "Si mlango tu. Mlichoma kinu, sikuja kudai. Shamba letu mnalima, sikuja kudai. Lakini kuniita mgeni hapa nilipozaliwa, hapana. Hiyo sitawapa."

Mwanamke mmoja akatua dumu lake chini. Jonah alivaa kofia yake, akamwambia Kipkurui, "Fungua," akaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuomba msamaha, na Nyaguthii hakuwa amekaa pale kungoja msamaha.

Akainuka, akakung'uta leso, akashuka. Kwenye maporomoko alivua viatu, akaingia majini na sketi yake ya kanisa mpaka magotini, akalia kidogo, kisha akaosha uso.

Kile kibao bado kipo. Nyaguthii naye hurudi kila mvua zinapopungua, safari hizi akiwa na wajukuu. Siku moja mlinzi mpya asiyemjua alimuuliza kama amekuja kutembea.

"Hapana," akamjibu, tayari akisukuma lango kwa bega. "Nimekuja nyumbani. Sogea."