Chumvi Iliyochaguliwa kwa Ulimi

Juzi kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, mbele yangu alisimama mama mmoja aliyetoka Goma na tangi la kioo kichwani na bonge la chumvi mkononi. Ofisa wa forodha aligonga kioo kwa kidole.

"Ni ya nini, mama?"

"La kufugia samaki wa baharini. Nilikulia Tanga. Tangu familia yetu irudi huku nchini sijaiona bahari."

Ofisa akalishika lile bonge. "Bon, lakini hii chumvi ni ya ngombe. Samaki yako iko na pembe?"

Foleni nzima ilicheka, hata mimi, nikificha uso kwa kitenge nilichombebea mtoto mgongoni. Yeye hakucheka.

"Ya jikoni nimeijaribu kwenye ndoo, baba. Nikiionja, siyo. Hii ina ule uchungu wa bahari ya kwetu."

"Na samaki iko wapi?"

"Kaka yangu ni dereva wa lori la kwenda pwani. Anasema maji yakae kwanza wiki kadhaa, ndipo awalete."

"Na asipoleta?"

Aliweka sawa ngata yake. "Basi nitakuwa na maji."

Ofisa alimrudishia chumvi kwa mikono miwili, akampisha.

Nadhani samaki hao hawatapona kwa chumvi ya ng'ombe. Lakini najuta kucheka. Mimi nilizaliwa Goma, na kila Jumamosi navuka mpaka na mtoto mgongoni kwenda kununua sombe, yaani kisamvu, ambayo inauzwa pia hatua chache kutoka mlangoni kwangu, hapa Nengo, upande huu wa mpaka.