Rangi ya Mdomo Nusura Inizike

Jamani, mimi ndiye Mama Upendo wa mitumba, Kariakoo, na niko hai. Nalitanguliza hilo msije mkanihurumia. Chekeni tu, hata mimi nacheka.

Zilikuwa zile enzi za ruksa, nguo za nje zimeruhusiwa, biashara imechangamka. Asubuhi moja tunashusha mzigo, belo la nguo likateleza likanipiga mbavu za kushoto. Nikakaa chini, nikapata pumzi, nikaendelea kuuza. Kufika adhuhuri tumbo limejaa, bega la kushoto linauma, kiu haikatiki, nikisimama naona giza.

Mume wangu akasema twende hospitali. Sasa mimi niende na nguo za kazi, watu waseme nini? Nikapitia nyumbani, nikaoga. Nikavaa gauni la gredi ya kwanza, nikapaka poda na rangi ya mdomo nyekundu. Mwenzangu ananihimiza, mimi natafuta hereni. Ujinga huo!

Chumba cha dharura kilifurika, wengine wamelala sakafuni, mayowe kila kona. Mhudumu mmoja, Nassoro, ndiye aliyekuwa anachagua nani aingie kwa daktari kwanza. Alinitazama mdomo, akapita. Punde akatangaza wasindikizaji wote watoke nje. Mume wangu yuko dirishani ananiandikisha, na mimi nilivyopendeza, askari wa mlangoni akanidhania msindikizaji, akanionyesha njia. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nikatoka.

Nikaegemea ukuta, jasho la baridi linanitiririka. Nassoro alipotoka kuita mgonjwa, akaniona nimenyamaza peke yangu. Akaniuliza nimemleta nani.

"Nimejileta mwenyewe," nikasema.

Akanivuta ngozi ya chini ya jicho, ndani kweupe. Akachukua pamba akanifuta mdomo. Mweupe kama ugali. Akashika mkono wangu akitafuta mapigo, akayapata kwa shida.

"Huyu ndiye wa kwanza," akamwambia askari. "Hao wanaopiga kelele wana pumzi."

Yaliyofuata nilisimuliwa. Bandama ilikuwa imepasuka, damu imejaa tumboni. Wenzangu wa sokoni walifunga meza zao wakaja kunitolea damu, na daktari akaiondoa bandama.

Nilizinduka na mshono mrefu na njaa ya ajabu. Lakini sipewi hata uji mpaka nijambe, ndipo wajue utumbo umeamka. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, tumbo linavimba tena, madaktari wanatazamana. Mume wangu akaanza kuogopa upya.

Ndugu zangu, ukiumia tumbo usingoje, na uende ulivyo. Fika useme, mimi ndiye mgonjwa. Nassoro namwombea kila ninapoamka.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja na wazee wa kanisa. Wakainamisha vichwa, wodi ikatulia. Katikati ya sala nikaachia moja, ndefu, haina aibu. Mume wangu akaruka.

"Amejamba! Mke wangu amejamba!"

Wodi nzima ikapiga makofi, na mama mkwe wangu, na heshima zake zote, akapiga vigelegele.