Kitatange wa Baba na Mguu wa Babu

Enzi zetu pale Kirumba, Mwanza, mtoto hakuhitaji kufundishwa samaki ni nini. Tuliamka na harufu ya dagaa wanaoanikwa kwenye soko la Mwaloni, tukaenda nayo shule kwenye sare, tukarudi kucheza rede na gololi kwenye miamba mpaka mama zetu waanze kutuita kwa ukali. Samaki alikuwa sato, sangara au dagaa, na mahali pake palikuwa sufuriani. Ndiyo maana mtaa ulituona tumerukwa na akili siku Baba aliporudi kutoka safari ya Tanga na samaki wa kukaa naye sebuleni.

Baba alifanya kazi Tanga miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Mwanza, na bahari ilikuwa imemwingia moyoni. Alinunua tangi la kioo, pampu ya hewa na chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Samaki mwenyewe alimpakata ndani ya basi njia nzima, kwenye mfuko wa maji. Alikuwa kitatange, bapa, wa manjano mwenye mistari ya bluu. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuangalia kwa jicho moja kisha akakugeuzia mgongo.

Bahari hakuna mtoto aliyewahi kuiona pale mtaani, kwa hiyo mimi nikafungua biashara. Ukinipa gololi moja, nakuruhusu uchovye kidole kwenye tangi ulambe. Mpaka leo wapo watu wazima Mwanza, wengine na vitambi vyao vya ofisini, walioijua ladha ya bahari sebuleni kwetu. Wakikataa waambie nimesema mimi.

Kisha akaja Babu, baba yake Mama, mvuvi wa upande wa Sengerema tangu ujana wake. Alivuka na kivuko cha Kamanga akiwa na kapu la michembe ya viazi vitamu na kidonda kwenye mguu kilichogoma kupona. Hospitalini walimpa vidonge, wakamwambia aloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila asubuhi na jioni, la sivyo huko mbele yatakuwa mazungumzo ya kuukata. Vidonge alimeza. Chumvi aliikataa kabisa, maana iliuma. Mama akileta beseni, Babu anaukunja mguu chini ya blanketi na kujifanya amesinzia. Nilimsikia Mama akilia jikoni, nami nikaogopa sana, kwa sababu nilimpenda yule mzee aliyeniita "Neema, mke wangu" na kunidai chai kila nilipopita karibu.

Nyumba ikawa na mgonjwa, na wageni wakaanza kuja kumpa pole. Tatizo ni kwamba tangi lilikuwa pale pale. Watoto waliingia wakisema, "Shikamoo Babu," macho yote yako kwa samaki, na Babu hakuitikia marahaba ng'o.

"Mnamwamkia nani?" aliuliza. "Mimi au kitoweo?"

Na kana kwamba haitoshi, Mheshimiwa naye akaugua. Aliacha kula, akawa anahema haraka haraka na kujisugua kwenye mawe, na jicho moja likafunga ukungu. Waliokuja kumwona Babu wakahamia kwenye kioo. Mama alisema ni malaria. Mama Koku, jirani yetu wa kutoka Bukoba, alileta mkungu wa ndizi, akatazama kwa muda mrefu na kutangaza kwamba samaki amekumbuka kwao. Babu yeye alitoa dawa yake bila kuombwa. "Kaangeni kabla hajakonda."

Baba hakumsikiliza mtu. Alikaa mbele ya tangi na kitabu chake cha samaki, akisoma kidogo na kutazama kidogo. Mwishowe akatueleza kwamba kujisugua, kuhema na ukungu wa jicho vikija pamoja, ushukiwe mdudu anayejibandika kwenye ngozi na matamvua. Mdudu huyo haonekani, kwa sababu ndani ya maji ya bahari mwili wake ni kama kioo. Dawa ni kumwogesha samaki kwa dakika chache kwenye maji yasiyo na chumvi. Samaki mkubwa atavumilia, mdudu hawezi.

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Nimeua samaki maisha yangu yote," alisema, "sijaona wa kuogeshwa. Haya, akitoka hai humo, na mimi natia mguu kwenye chumvi yenu."

Alitania tu, kama kawaida yake. Lakini mimi nilitoka mbio pekupeku, nikapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba Babu ameahidi, na kesho saa ya kuogesha samaki kila mtu aje awe shahidi. Sijawahi kutumwa kazi nikaifanya vizuri namna ile.

Kesho yake sebule ilijaa hadi mlangoni. Baba alikuwa ameyaacha maji ya bomba kwenye beseni usiku kucha ili dawa itoke, akatia magadi kidogo na kuyapima joto yafanane na ya tangini, kisha akamtumbukiza Mheshimiwa kwenye beseni. Samaki akaruka mara moja, akalala ubavu. Mama Koku akajifunika uso kwa khanga. Aliyeingilia kati alikuwa Babu.

"Mtoeni," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Baba Neema, mtoe, unamuua."

"Bado kidogo, mzee."

Ndipo tukaona vitu vyeupe vikidondoka chini ya beseni, vidogo, kama chenga za mchele. Ndio wale wadudu, maji yamewageuza rangi na kuwaachisha. Baba akamrudisha mgonjwa tangini. Akayumba, akaegemea jiwe, kisha akatuangalia kwa jicho moja na kutugeuzia mgongo. Watu wakapiga makofi. Halafu, bila kuambizana, wote wakamgeukia Babu.

Mama alikuwa ameshaleta beseni la pili. Babu alitazama mlango, lakini mlango wote ulikuwa watoto. Akavuta pumzi, akatia mguu, akakunja uso vibaya sana, nasi tukamcheka kwa sauti. Akatutukana kwa Kisukuma, akatucheka na yeye, ila mguu hakuutoa.

Baba alisema wadudu wameacha mayai tangini, kwa hiyo dawa irudiwe. Basi zikawa zamu mbili, samaki anatolewa chumvini, Babu anaingizwa, na watazamaji hawakukosekana. Kidonda kilifunga taratibu kuanzia pembeni. Babu aliporudi kwao, aliingia kwenye kivuko kwa miguu yake miwili na kukataa kushikwa mkono.

Leo kijana wangu ana samaki ndani ya simu. Hawaugui, na akiwachoka anawafuta. Yeye mwenyewe akipiga chafya anaiuliza simu, inamtajia magonjwa ambayo hata majina yake hayatamkiki, anashinda amejifunika shuka akisubiri kufa, kisha jioni anaulizia chipsi.

Nami nisijifanye bora, maana nina presha, na simu yangu nayo ndiyo inayoniuguza. Kila asubuhi inalia, nameza kidonge peke yangu jikoni, nabonyeza kwamba nimemeza, nayo inanipa nyota. Nina nyota nyingi kweli. Lakini kidonge ni kichungu, na nikikunja uso natazama mlangoni, hamna hata mtoto mmoja wa kunicheka.