Muuza omena anayelikwepa jua

“Mama Lavender, hiyo krimu unayojichubua nayo, ni nani anakununulia?”

Swali hilo lilitoka kwa jirani yake Sella, miaka sita iliyopita, mbele ya wateja watatu. Nereah Osewe alikuwa na miezi minne tu tangu amzike mumewe. Uso ulikuwa umeiva, wekundu umevuka pua kutoka shavu moja hadi la pili, na mtaa wote wa Laini Saba ukaamua kwamba mjane amepata mtu.

“Hata mimi sikujua kinachonila,” anasema.

Leo, saa kumi na mbili asubuhi, Nereah anatandaza omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia kando ya reli. Amevaa kofia pana, mikono ya sweta imefika vidoleni, na mwavuli mweusi ameufunga kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na mmoja ameimaliza hapa hapa.

“Nyar Seme, leo jua limekupa ruhusa?” anamtania Opondo, fundi wa majiko wa kibanda cha pili, akimwita kwa Kijaluo binti wa kwao Seme.

“Hadi saa nne. Kwa hivyo nunua haraka.”

Hatanii. Saa nne anaingiza mzigo ndani, anaufunika na kubaki humo. Hutoka tena saa kumi jioni. Wenzake huuza kutwa nzima. Yeye siku nzuri hubaki na shilingi mia tano.

Ugonjwa wake unaitwa lupus. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, humgeukia mwenyewe, na jua huuchochea. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akapakwa dawa ya choa, akaombewa na akina mama wa kanisa, miaka miwili, kabla damu yake haijapimwa inavyofaa.

Nereah aliishia darasa la saba, lakini ana maelezo yake. “Ni kama mbwa wa boma anayemng'ata mwenye boma. Si mbwa mbaya. Amesahau harufu ya mwenyewe, basi.”

Kila mwezi huenda Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa moja la mtaa wa Kabiro, ambako wagonjwa ishirini na mmoja wa magonjwa kama hayo hukutana. Huko ndiko daktari alikoleta habari za utafiti: chembe za kinga hutolewa kwenye damu, zikafunzwa upya maabara, kisha zikarudishwa mwilini. Waliopita vipimo vya kwanza ni wawili. Nereah ni mmoja wao.

“Daktari hakutudanganya. Alisema huu ni utafiti, hakuna ahadi. Huenda nikapona, huenda nikarudi nilivyoenda, na hatari zipo. Nilimwambia andika jina.”

Kuna sababu ya haraka hiyo. Figo zake zimeanza kuharibika.

Lakini matibabu yanadai wiki tatu wodini, na kando ya reli nafasi hailindwi na mtu. Ukiiacha siku tatu, ya nne utamkuta mwingine amepanga nyanya. Lavender, bintiye wa pekee, yuko shule ya bweni.

Musembi, seremala wa kikundi cha Kabiro ambaye vidole vyake vimepinda, alimwonya: “Utatoka huko na damu mpya na huna kazi.”

“Nafasi nilipewa na Mungu, na figo pia,” Nereah alimjibu. “Nafasi nitatafuta nyingine. Figo nitatafuta wapi?”

Sasa ni saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto. Nereah anapanga mkoba wa kesho: Biblia, leso mbili, ndara. Mlango unasukumwa bila hodi. Ni Sella, ambaye tangu lile swali hajawahi kuomba msamaha wala kuombwa auombe.

“Ati unaenda kesho?”

“Kesho, Mungu akipenda.”

“Na omena?”

“Nimefunika. Mungu anaona.”

“Anaona, lakini hatakuja kupima gorogoro.” Sella anautazama mkebe wa kupimia omena ulio mlangoni. “Wewe huongezanga kiganja kimoja ama viwili?”

Nereah anaacha kukunja leso. “Kimoja. Mwenye mimba, viwili.”

“Ndio maana hutajiriki.”

“Na wewe ndio maana wateja hawakurudii.”

Wanacheka kidogo, kila mmoja akiangalia kwake. Kisha Nereah anasema lile ambalo amekuwa akiliombea kila asubuhi kabla ya kutoka.

“Nikirudi, Sella, siku moja nataka niuze saa sita mchana. Bila kofia, bila mwavuli. Nikae pale uuone huu uso vizuri.”

Sella anamwangalia mashavu. Halafu anaitoa ile kofia pana msumarini, anaivaa, anabeba gunia la omena begani na gorogoro mkononi, na kutoka kwenda juani, kwenye nafasi ya Nereah kando ya reli.