Mkandaji Aliyezima Masasisho

Kuna watu wakisikia fulani amezima masasisho ya simu, haraka wanamwita mzembe. Sawa. Msikilizeni kwanza mkandaji huyu, halafu mwiteni mnavyotaka.

Ni mtu wa makamo, haoni tangu utotoni, na riziki yake ni migongo ya watu. Chumba chake kiko ghorofa ya chini: kitanda cha kukandia, pazia, taulo zilizokunjwa, rafu ya mafuta. Mdanganye kwamba hubebi vitu vizito, akigusa bega anacheka. Simu anaitumia kwa masikio. Anapitisha kidole kwenye kioo, sauti inamsomea kilichopo, anagonga mara mbili inafunguka.

Mwaka jana simu ilijisasisha yenyewe akiwa amelala. Asubuhi akaikuta ile sauti ya kusoma imekuwa bubu. Ilikuwa inasubiri mtu abonyeze "kubali" kwenye ukurasa ambao yeye hawezi kuuona. Waliotengeneza sasisho lile walilijaribu kwa macho yao, wakaona liko sawa.

Asubuhi hiyohiyo bintiye alikuwa barabarani, mtoto mgongoni, mdomo umepasuka. Amemkimbia mumewe, anampigia baba yake. Simu ikaita, ikaita. Mkandaji alipapasa kioo chote, hakupata pa kupokelea. Mume akamfikia mkewe palepale, simu ikiwa bado sikioni.

Binti alipotoka hospitali alihamia mji mwingine. Ramani ya anapokaa alimtumia mtu mmoja tu, baba yake.

Basi mkandaji akamwita jirani yake, fundi cherehani wa mlango wa pili, akampa simu.

"Zima haya masasisho. Yote."

"Kaka, wanasema ni ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Fundi akazima.

Nani alimweleza kwamba unaweza kuiambia simu isubiri, iulize kwanza, msasishe siku ambayo kuna mtu mwenye macho kando yako? Hakuna. Wakati huo matundu ya kiusalama ya simu yanagunduliwa kila leo, na sasisho likitoka kuziba tundu, wezi nao wanajua lilipo. Simu isiyosasishwa ni nyumba yenye mlango wa nyuma wazi, na mtaa mzima umetangaziwa.

Ikapita miezi. Siku moja mtu asiyemjua akamwandikia kwamba anaumwa mgongo, akaambatisha na faili la picha ya eksirei. Mkandaji akalifungua, sauti haikusoma kitu. Akafuta, akasahau.

Alasiri moja fundi cherehani alikuwa amelala kifudifudi kitandani, shingo imekakamaa kwa kuinamia cherehani. Simu ikaanza kusema kutoka kwenye rafu.

"Ujumbe. Binti yangu."

"Kaka, simu yako imeota mdomo," fundi akasema.

"Picha. Rudi. Ujumbe wa zamani."

Vidole vya mkandaji vikasimama. "Nani ameishika?"

"Hakuna mtu. Si tupo wawili tu humu?"

"Angalia kioo."

Fundi akainua kichwa. Akakikodolea macho kioo.

"Kinatembea," akasema. "Kinapanda juu chenyewe, kaka, kama kuna mtu anatafuta."

"Ramani," simu ikasoma. "Mahali palipohifadhiwa."

"Zima! Nipe yako."

Namba ya bintiye anaijua kwa kichwa. Fundi akabonyeza, akamwekea sikioni, maana mikono ilikuwa inateleza kwa mafuta.

"Mwanangu, beba mtoto utoke. Sasa hivi."

"Baba? Kuna nini?"

"Kuna mtu ndani ya simu yangu. Amefungua ramani yako."

Hakuuliza tena. Mkandaji akasikia kiti kikisukumwa, mtoto akilia kwa kuamshwa, kisha laini ikakatika.

Kesho yake mama mwenye nyumba ya kule alikokimbia alimpigia binti. Kuna mwanamume alikuja, mpole, kanyoa vizuri, ana mdoli wa mtoto kwenye mfuko. Alisema anamfuata mke wake. Alikaa ngazini mpaka giza, akaondoka akisema atarudi.

Fundi simu mmoja aliifuta ile simu yote, akaisasisha, akampangia iwe inauliza kwanza. "Tundu walilopitia lilishazibwa zamani," akamwambia. "Kwako ndio lilibaki wazi." Mkandaji hakujitetea.

Zikapita wiki, binti akapiga kwa namba mpya.

"Tuko salama, baba."

"Uko wapi, mama?"

"Nimesema tuko salama."

"Simu imetengenezwa. Hata fundi simu anasema..."

"Najua. Lakini safari hii usijue. Akija kwako na akikubana, usiwe na cha kumwambia. Na simu yako isiwe nacho."

Alitaka kubisha. Ndipo akasikia nyuma ya sauti yake kengele nzito, na mtu akitangaza kwenye kipaza sauti majina ya vituo, kimoja baada ya kingine. Mtu anayeishi kwa masikio angejua ni wapi kabla tangazo halijafika kituo cha tatu.

Mkandaji akaanza kukohoa. Akakohoa kwa nguvu, mkono umeziba sikio, akagonga meza kwa kiganja, mpaka tangazo likaisha.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana," akasema. "Nenda mahali penye kimya, mwanangu. Halafu unipigie."