Picha Yangu ya Foleni Mbili

Nasema haya kwa aibu. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, na daktari alitaka wachuma kahawa wa Ruiru waelewe kwamba kujaribu dawa mpya ya kifua kikuu ni hiari yao. Nikachora picha, mimi fundi: foleni mbili, moja ya dawa mpya, nyingine ya zamani, na mbele yao daktari aliyefunika uso kwa kitambaa. Wote wakaweka kidole gumba kwenye fomu ya kukubali bila swali. Nikajisifu kwa daktari.

Kisha Mama Njeri akagusa uso ule uliofunikwa. “Mwanangu, mtu kama huyu, msaliti aliyeficha uso, ndiye aliyemtoa mzee wangu kwenye foleni ya msako, akapelekwa kambini. Nimeshaweka kidole. Mimi mtanipeleka lini?”